Atlanta kiboko yao kwa ndege, Mbezi Luis je?

Wiki hii nawapandisha ndege. Usishtuke, nauli hakuna na viza huhitaji. Kinachotakiwa ni zile hesabu za kujumlisha na kuzidisha ulizofundishwa darasa la nne, kabla hujaanza kutoroka kwenda kucheza chandimu.

Hoja yenyewe imezuka kijiweni hapa hapa Mbezi Luis, ng'ambo ya stendi, pale penye kahawa na kashata. Kijana wa bodaboda alitangaza kwa sauti kwamba uwanja wa ndege wenye shughuli kuliko vyote duniani ni Dubai. Mzee mmoja aliyekuwa akipuliza kikombe chake akamkata kauli: "Mwanangu, acha kudanganya watu. Ni Chicago. Sisi tumesoma hivyo." Konda mmoja naye akadakia: "Shikamoo mzee wangu, lakini hiyo Chicago yako imeshapitwa. Siku hizi ni Wachina." Basi ikawa piga nikupige ya maneno mpaka kahawa ikapoa.

Sasa ngoja niwaambie. Wote watatu wana ukweli kidogo, na wote watatu wamekosa.

MZEE, KIJANA NA KONDA

Tuanze na mzee, maana mkubwa hatangulizwi nyuma. Uwanja wa O'Hare wa Chicago ulikuwa ndio baba lao kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1960. Aliyesoma jiografia enzi zile na kuambiwa Chicago, mwalimu wake hakumwongopea. Lakini mwaka 1998 Chicago ikanyang'anywa kiti na mji mwingine wa huko huko Marekani, Atlanta. Toka hapo Atlanta haijashuka, isipokuwa mwaka mmoja tu, nitaufikia.

Orodha hii hutolewa kila mwaka na ACI, yaani baraza la kimataifa la viwanja vya ndege, lenye makao yake Montreal, Canada. Kwa mwaka 2024 watano wa juu kwa abiria walikuwa hivi:

1. Atlanta, Marekani: abiria milioni 108.1
2. Dubai: milioni 92.3
3. Dallas Fort Worth, Marekani: milioni 87.8
4. Haneda, Tokyo, Japani: milioni 85.9
5. Heathrow, London, Uingereza: milioni 83.9

Hebu ivute picha hiyo ya milioni 108. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7. Chukua wote, kuanzia kikongwe wa Rombo mpaka mtoto mchanga wa Mtambaswala, uwapitishe Atlanta. Hawatoshi. Waongeze Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019, milioni 47.6. Hapo ndipo unaifikia, na kuipita kidogo. Na hao wote wamepita kwa mwaka mmoja, kwenye uwanja mmoja!

Kijana wa bodaboda naye asionewe. Ukiwatoa abiria wanaoruka ndani ya nchi yao na kubaki na wale wa kuvuka mipaka tu, Dubai ndiyo inayoongoza dunia, na imeongoza tangu mwaka 2014 ilipoipita Heathrow. Ajabu yake, Dubai na Heathrow kila mmoja una njia mbili tu za kurukia na kutua. Atlanta inazo tano. Kwa hiyo ukiona mtu anatajirika na viwili wakati mwenzake ana vitano, mwulize anavitumiaje. Na hao Dubai hawajatosheka. Aprili 2024 walitangaza kuupanua uwanja wao mwingine, Al Maktoum, uje kubeba abiria milioni 260 kwa mwaka na kuchukua kazi yote ya ule wa sasa.

Na konda je? Konda alimaanisha mwaka 2020. Korona ilipoifunga dunia milango, ndege zikaegeshwa kama mabasi mabovu gereji, na Atlanta ikaporomoka. Aliyeibuka wa kwanza mwaka ule ni uwanja wa Baiyun, mji wa Guangzhou, China, kwa abiria wasiofika hata milioni 44. Guangzhou hiyo hiyo ambayo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaijua vichochoro vyake kuliko wanavyoijua Kibaha. Mwaka uliofuata Atlanta ikarudi kitini.

SIRI YA ATLANTA

Hapa sasa ndipo utamu ulipo. Atlanta si mji mkubwa kuliko New York. Si makao ya serikali ya Marekani. Haina bahari ya kuogelea wala mnara wa kupigia picha ambao mtoto wa hapa kwetu anaujua kwa jina. Sasa hao watu milioni 108 wanafuata nini?

Hawafuati kitu. Wanapita!

Atlanta ni njia panda. Shirika kubwa la Delta limeweka maskani yake pale, ndege zake zinaingia kwa mkupuo kutoka huku na huku, watu wanashuka, wanabadilisha, zinatoka tena kwa mkupuo. Wamarekani wa Kusini wana utani wao wa miaka mingi kwamba mtu akifa, awe anakwenda peponi au motoni, lazima abadilishe ndege Atlanta.

Na hesabu yenyewe inambeba mwenye njia panda. Kwenye orodha hizi abiria anahesabiwa anaposhuka na anahesabiwa anapopanda. Mtu katoka Alabama anakwenda Uingereza kupitia Atlanta: kashuka, moja, kapanda, mbili. Mji wenyewe hakuuona hata kwa dirisha, alichokiona ni sakafu na duka la mikate, lakini kwenye daftari ni abiria wawili. Huo si wizi, ndiyo kanuni, na ni kanuni moja kwa wote. Lakini ukishaijua unaisoma orodha kwa jicho jingine. Unaelewa kwamba inayopimwa si sifa ya mji. Inapimwa kazi ya kuwapokea watu na kuwatoa.

Sasa mnaanza kuona naelekea wapi. Tulieni, kwanza tupakie mizigo.

MIZIGO INA MABINGWA WAKE

Wengi wetu tunadhani uwanja wenye watu wengi ndio wenye mizigo mingi. Wapi! Kwa mizigo ya mwaka 2024 Atlanta haimo kabisa kwenye tano bora. Wa kwanza ni Hong Kong, takribani tani milioni 4.9. Halafu Pudong ya Shanghai, tani milioni 3.8. Halafu miji mitatu ya Marekani: Memphis, Anchorage na Louisville.

Tani milioni 4.9 kwa mwaka ni zaidi ya tani 13,000 kwa siku. Ni sawa na malori 450 hivi ya tani 30, kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu ndani yake. Tena si saruji wala ngano. Kwa makadirio ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, mizigo ya ndege haifiki hata asilimia 1 ya ujazo wa biashara ya dunia, lakini thamani yake ni kama theluthi nzima. Simu, dawa, vipuri, samaki wabichi, maua. Vitu vyepesi vyenye haraka.

Memphis wengi tunaijua kwa muziki wa Elvis Presley, na kwa ubaya kwamba ndipo alipouawa Martin Luther King mwaka 1968. Wakazi wake hawafiki hata milioni moja. Lakini Aprili 17, 1973 kampuni changa ya Fred Smith, ambaye alifariki Juni 2025, ilirusha kutoka pale ndege ndogo 14 zikiwa na vifurushi 186. Vifurushi 186! Shehena ya namna hiyo konda wa basi la Mbeya anaibeba buti moja na nafasi inabaki. Kampuni hiyo ndiyo FedEx. Miaka 20 baadaye, 1993, Memphis ikawa ya kwanza duniani kwa mizigo ya ndege, ikakaa hapo mpaka Hong Kong ilipoipiku mwaka 2010. Kazi yake kubwa hufanyika usiku. Ndege zinatua watu wamelala, vifurushi vinachambuliwa kwenye mikanda, alfajiri vimeshaondoka.

Anchorage ndiyo kali zaidi. Huko ni Alaska, kwenye theluji. Ndege za mizigo kati ya Asia na Marekani hutua pale kuongeza mafuta, na shehena iliyomo ndani inahesabiwa hata kama boksi halikuguswa. Ni kama kituo cha mafuta cha Chalinze kidai kwamba mchele wote uliopita pale ndani ya malori ni wake. Lakini kanuni imekubali, na mwaka 2024 Anchorage ilikuwa nafasi ya nne.

MAUA YA KWETU, JINA LA JIRANI

Kwenye orodha hizo za tano bora Afrika nzima haimo. Ukishuka chini ndipo unakutana na Cairo, Johannesburg na Addis Ababa, na Addis nayo ni mwana wa njia panda: Ethiopian inakuchukua Dar, inakubadilishia Bole, inakupeleka unakokwenda.

Hapa kwetu jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa Agosti 1, 2019, likiwa na uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Jengo zuri, halina ubishi. La pili, lile la mwaka 1984, lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora jengo la kwanza la Charles de Gaulle kule Paris. Lakini tuwe wakweli. Abiria milioni 6 kwa Atlanta ni kazi ya siku 20 tu, wakapumzika.

Kwenye mizigo ndipo moyo unapouma. Kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha zimekuwa zikipakiwa kwenye malori, zinavuka Namanga, zinapandia ndege Nairobi kwenda Ulaya, kwa sababu ndege za mizigo ziko kule. Mkulima ni wetu, udongo ni wetu, maji ni yetu, tani zinaandikwa kwa jirani. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo, Boeing 767 yenye uwezo wa tani 54 hivi. Ni mwanzo mzuri, nani atapinga? FedEx nayo ilianza na vifurushi 186. Ila ndege peke yake haivuti ua kutoka shambani. Ua linafuata chumba cha baridi, ratiba isiyoyumba na makaratasi yanayogongwa mhuri siku hiyo hiyo. Mwenye mzigo unaonyauka hajui uzalendo, anajua saa.

SASA TUIHESABU MBEZI LUIS

Haya, tumefika nyumbani. Kwanza kwa wageni wa jiji: kuna Mbezi Beach, ya kule baharini, na kuna hii yetu, Mbezi Luis, ya Barabara ya Morogoro. Wapo waliopanda gari wakashukia Mbezi ya kwenye upepo wakati ndugu wanawasubiri kwenye vumbi. Msicheke, hata London ina viwanja kadhaa, na mtu anayekata tiketi ya "London" bila kusoma vizuri anaweza kujikuta Stansted, kilometa kibao kutoka alikosubiriwa.

Tangu Februari 2021 stendi kubwa ya mabasi ya mikoani, Kituo cha Magufuli, iko hapa. Mabasi yalitoka Ubungo, kama kabla ya hapo yalivyotoka Kisutu na Mnazi Mmoja. Na mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, stendi ikawa haina asubuhi wala jioni. Ikawa Memphis yetu.

Chukua kalamu sasa. Tuseme kwa makisio ya chini, siku ya kawaida isiyo na shule kufunguliwa wala Krismasi ya Wachaga, mabasi 200 yanatoka na 200 yanaingia. Kila basi tulipe watu 50, tusiwahesabu waliosimama kwa sababu kisheria hawapo. Ni watu 20,000 kwa siku. Zidisha kwa 365. Unapata milioni 7.3 kwa mwaka!

Hiyo ni hesabu ya karatasi ya kufungia maandazi, lakini iangalie. Inaipita milioni 6 ya jengo la tatu la uwanja wa ndege. Na hapo daladala sijazigusa. Mtu aliyetoka Bukoba akashuka, akalala kwa shemeji Kibamba, kesho akapanda basi la Songea, kwa kanuni za ACI ni wawili. Basi Mbezi Luis ni Atlanta ya mabasi. Watu hawaji kutazama Mbezi. Wanapita.

Mizigo nayo ipo tele. Mchele wa Kyela, ndizi za Bukoba, dagaa wa Kigoma, viroba, maboksi, na yale mabegi ya mistari tunayoyaita shangazi kaja. Parseli ya basi ndiyo ndege ya mizigo ya mnyonge. Unamkabidhi konda, unaandikiwa namba ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, kesho yake mtu wa Tunduma anapokea.

WINGI SI HOJA, HOJA NI ANAYEBADILISHA

Sasa nieleweni vizuri. Mimi sitaki Mbezi ipewe kikombe. Ninachosema ni kwamba kama umekuwa njia panda, basi fanya kazi ya njia panda. Atlanta haikushika nafasi ya kwanza kwa marumaru. Chini ya ardhi kuna treni ya bure inayomtoa abiria jengo moja hadi jingine, vibao vinasomeka, na anayebadilisha ndege anajua mlango wake ni upi.

Twende kwetu. Basi la Mwanza limeingia saa tisa usiku. Ndani yake yumo mama, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, shangazi kaja kichwani. Anakwenda Mbagala. Akishuka tu anapokewa na sauti kumi: "Mama yangu, njoo huku! Dada, bajaji hii hapa! Bado mmoja tu, mama!" Huyo "bado mmoja" ukimfuata unakuta gari tupu. Daladala za saa hizo za kubahatisha. Bei ya bajaji haijaandikwa popote, imeandikwa usoni mwake: ikionekana ametoka mbali, inapanda. Mtu kasafiri mkoa baada ya mkoa kwa nauli inayojulikana, halafu kipande cha mwisho cha ndani ya jiji ndicho kinachomtoa jasho. Wenyewe walisema, msafiri kafiri.

Au yule anayetoka Iringa kuwahi ndege. Barabara ya kumfikisha ipo: Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, Banana, huyo Uwanja wa Ndege. Njia panda mbili kubwa za jiji hili, moja ya mabasi na moja ya ndege, zinaungana bila hata kupita mjini. Hebu fikiria gari moja tu linalojulikana, lenye saa yake na bei yake ubavuni, usiku na mchana, kati ya stendi na uwanja. Hilo halihitaji Mfaransa wa kulichora. Linahitaji ratiba na mtu wa kuisimamia.

Tena tukumbuke kwamba nafasi hizi zina watu waliozilipia. Wa Kipawa walihamishwa kupisha uwanja wa ndege. Wa Kimara mpaka Kiluvya walivunjiwa mwaka 2017 kupisha barabara hii hii inayoleta mabasi Mbezi. Kama kuna familia zilizohama ili wengine wapite, angalau hao wanaopita wapite kwa raha. Vinginevyo tumewavunjia bure.

Na wenye stendi wasilale. Chicago nayo ilidhani kiti ni cha kuzaliwa nacho. Toka Julai 2024 treni ya SGR inakwenda Dodoma, na anayetaka Morogoro au Dodoma anaweza asiione kabisa Mbezi. Abiria hana ndoa na stendi. Anakwenda anakoheshimiwa.

Kwa hiyo wiki hii ukipita Mbezi Luis ukamwona mama amesimama na mizigo anaangaza macho, usimpite kama hukumwona. Muulize, "Shikamoo mama, unaelekea wapi?" Mwonyeshe daladala yake, mtajie nauli halali, basi. Haikugharimu kitu. Wenye vyeo vya kupanga ratiba nao wafanye ya kwao, tunawasubiri.

Penye wengi pana mengi, wapenzi. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Safari njema kwa walioko njiani, na walioko nyumbani msisahau kupima luku kabla giza halijaingia.